Kizungu cha Kapteni Faustino

"Hapo si 'is', Afande," Nabalayo alisema. "Weka 'be'."

Kapteni Faustino alikuwa amekaa na soksi, miguu juu ya meza, kalamu mdomoni. Chini, mzee Oryem alikuwa amepiga magoti akisugua kiatu cha pili. Kila asubuhi ilikuwa hivyohivyo: tarishi na viatu, karani na Kizungu, na katikati yao mtu mzima anatafuna kalamu.

"Tofauti gani?"

"Ukiandika 'is', unasema mtu ameshakamatwa. Ukiandika 'be', unaomba akamatwe. Barua ya biashara inaomba, Afande. Haipigi kelele."

Oryem alitemea kiatu mate, akasugua. Yeye darasa la pili hakulimaliza, lakini aje, akae, akamatwe, hayo hata mtoto anayenyonya anayajua. Huyu alikuwa wiki ya sita ya kufundishwa na bado. Na ndio hao waliogawiwa viwanda.

Hiki cha sabuni, pale juu ya Kisenyi, Kapteni alikipata Wahindi walipofukuzwa. Hakujua hata sabuni inapikwa na nini. Alipofika alitoa amri moja: hakuna karatasi itakayotembea bila sahihi yake, hata hati ya kutolea lori langoni. Akawa anasaini huku anakula, huku anapiga simu, bila kutazama, mkia wa F yake ukishuka hadi ukingoni kama mkojo wa ng'ombe anayetembea. Siku Anena, mke wa Oryem, alipozidiwa, lori lilikuwa limesimama langoni, tangi limejaa. Kapteni alikuwa kwenye gofu. Hapakuwa na mwingine wa kuliruhusu litoke. Anena alifia kwenye keria ya baiskeli, mumewe anakanyaga pedali bila kujua kwamba anabeba maiti.

Aliyetafuta mbao za sanduku alikuwa Cleopas, karani wa stoo, Mkenya, mtu wa maneno machache. Na barua ya leo ilikuwa ya kummaliza Cleopas.

Kila mtu kiwandani alijua sabuni inakokwenda. Kila Ijumaa lori lilitoka na makatoni mia tatu, likaenda magendo, likarudi tupu, na Jumatatu Kapteni alikuwa na saa mpya. Lakini wakubwa wa kambi ya Makindye walikuwa wameanza kuuliza kwa nini wake zao wanafulia majivu. Sasa alitakiwa mtu wa kubebeshwa. Stoo ilikuwa mikononi mwa Cleopas, na Cleopas alikuwa na watoto wanne na hakuwa na ndugu mwenye bunduki.

"Mimi nataka jina yake ikuwe kubwa, hapa juu," Kapteni alisema.

"Kizungu cha ofisi hakitaji jina, Afande. Wanaotajana majina ni watu wa sokoni wakigombana." Nabalayo hakuinua uso. "Tunaandika hivi: tunaomba mtu aliyeitoa sabuni hii, kama viambatisho vinavyoonyesha, akamatwe mara moja. Halafu tunabana hati za lango nyuma yake. Barua isiyo na viambatisho ni ya ombaomba."

"Mtu ya stoo ndiyo natoa sabuni," Kapteni alisema, ameridhika. "Bana yote."

Oryem alimtazama yule mwanamke kutoka kule chini sakafuni. Mkenya mwenzake Cleopas. Mchana walikuwa wakigawana muhogo, hao wawili. Kumbe naye ni walewale: mnyooshee mkubwa Kizungu chake, upate kilo ya sukari.

Alimngoja kwenye korido. "Dada, baada ya kazi hii mikono utanawa na nini?"

"Na sabuni, mzee. Ikibaki." Akampa bahasha. "Usiikunje. Viambatisho visidondoke."

Oryem alipovuka mfereji wa Nakivubo alishuka kwenye baiskeli, akasimama, bahasha mkononi. Maji yalikuwa meusi, yangeimeza mara moja. Lakini kwenye daftari la barua alikuwa ameshaweka dole gumba. Akapanda tena, akakanyaga hadi Makindye, akijitukana njia nzima.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja stoo. "Bwana Cleopas, panda basi la Tororo leo, uvuke mpaka."

Cleopas alikuwa anahesabu mapipa ya mafuta. "Nikikimbia nitakuwa nimekiri, mzee."

"Na ukikaa?"

"Nikikaa nitakuwa nimekaa." Akarudi kwenye mapipa yake.

Jumatano Land Rover iliingia. Luteni mmoja, askari wawili. Kapteni akaamuru Cleopas aletwe ofisini, wakamsimamisha ukutani, mikono nyuma. Alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayejua anakokwenda. Oryem alisimama mlangoni na brashi yake, hakuweza kumtazama usoni.

"Huyo hapo," Kapteni alisema, viatu vinang'aa. "Chukua."

Luteni hakumtazama Cleopas. Alifungua faili. "Barua nzuri sana, Afande. Mkubwa wetu nasema hajaona Kizungu kama hii."

Kapteni akacheka mpaka tumbo likatikisika. "'Be'," akamwambia. "Si 'is'. Jifunze."

"Ndiyo, Afande. Naomba sahihi moja tu, kwamba tumefika."

Kapteni akasaini bila kutazama. Mkia wa F ukashuka hadi ukingoni.

Luteni akaichukua karatasi ile, akaiweka katikati ya meza. Kando yake akazipanga hati za lango, moja moja, arobaini na moja, taratibu kama mtu anayecheza karata. Kwenye chumba cha pili Nabalayo aliendelea kupiga taipu.

"Vua mkanda, Afande," Luteni alisema. "Na viatu."