Fundo Chini ya Kanzu

Binti aliyekuwa akisubiri kubatizwa aliteleza kwenye jiwe la ziwani, akamshika kiunoni Masalu, mwalimu wake wa ubatizo. Chini ya kanzu nyeupe iliyoloa, vidole vyake vikagusa kifuko cha ngozi.

Hirizi. Jumapili iliyopita Masalu mwenyewe ndiye aliyemwambia ya kwake aichome moto.

“Mwalimu,” alinong'ona, “kumbe na wewe unayo?”

Mbele yao alikuwa mchungaji. Nyuma, ufukweni, kwaya na waumini wote.

“Anayefuata,” mchungaji akaita.

Binti hakusogea. Masalu akapapasa fundo alilofungwa na mama yake miaka kumi na minane iliyopita. Maji yalikuwa yamelikaza, halifunguki.

“Mchungaji,” akasema kwa sauti iliyofika hadi ufukweni, “naomba kisu.”