Asubuhi Baada ya Kiama

Dunia ilipogoma kuisha, Tirza alichukua ndoo akaenda kudai arudishiwe ng'ombe wake.

Mwaka huo wa 1844 wahubiri walikuwa wamepiga hesabu kwamba Bwana angerudi Oktoba ishirini na mbili. Tirza aliamini. Aliviacha viazi vioze shambani, na ng'ombe wake wa pekee akampa jirani, mjane aliyewacheka waumini waziwazi. Leo ilikuwa tarehe ishirini na tatu, na bila maziwa asingeuvuka msimu wa baridi hadi theluji iyeyuke.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni.

"Shoga, umesharudi kutoka mbinguni? Mbona mapema hivyo?"

"Nicheke utakavyo. Nipe ng'ombe wangu."

"Kitu ukishatoa hakirudi."

"Basi niache nimkamue leo tu, tafadhali."

Mjane hakusogea. Tirza akampiga kikumbo, akaingia.

Zizi lilikuwa tupu. Kamba mbili zilining'inia ukutani, ya ng'ombe wake na ya ng'ombe wa mjane, na sakafu ilikuwa imefagiwa ikang'aa kama ya kanisa.

"Wako wapi?"

Mjane aliinamisha macho. "Jana jioni mawingu yalikuwa mekundu mno. Nikamgawia yule mlevi wa bondeni. Wote wawili."

"Wewe? Si ulisema ni upuuzi?"

"Nilisema mchana, shoga."

Tirza aliinua ndoo yake, akatangulia kutoka.

"Chukua ndoo yako, twende. Na tukifika, niachie mimi nimwombe. Wewe hujazoea kuchekwa."