Gari la Kutembelea

"Mama, hili ni gari la kutembelea," afisa wa kodi alisema, akilitazama kupitia dirisha la ofisi. "Gari la kazi lina bodi nyuma, ya kupakia mizigo. Gharama zake siwezi kukupunguzia kwenye kodi."

Nambua, mnunuzi wa ngozi mbichi machinjioni, alikuwa ameshabishana naye mara mbili mwezi huo, akarudishwa kama mtoto aliyesahau daftari. Leo alinyanyua tu funguo zake mezani.

"Kama ni la kutembelea, basi twende tukatembee, Bwana Kilewo. Nakufikisha mpaka kwako, mkeo atuone."

Afisa alicheka, akatoka naye, suti imenyooka. Nambua alimfungulia mlango kwa heshima zote, akaufunga, kisha akazunguka upande wa usukani kwa mwendo wa bibi harusi. Humo ndani mlikuwa na joto la saa saba mchana, na harufu ya ngozi mbichi zilizobebwa humo miaka sita.

Kufumba na kufumbua, afisa alikuwa ameziba pua kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapapasa mlango.

"Huo hufunguliwa kwa nje," Nambua alisema, akiwasha gari. "Kwako ni kulia au kushoto?"