Mpira Unaomeza Vishindo

Kitu cha kwanza Siwema, muuzaji wa duka la sakafu, alichokiona ni jinsi mke wa mteja alivyoufunga mlango wa duka kwa mikono miwili, usije ukatoa sauti. Mumewe alikuwa ameshaanza kubonyezabonyeza mipira ya kutandika chini ya sakafu.

"Tunakaa ghorofani," alisema, "na jirani wa chini ana masikio kama sungura. Nataka vibao vya plastiki, ila chini yake pawe na kitu kinachomeza vishindo."

Hapo dukani mteja hubaki juu na kuangusha nyundo kwenye sampuli, na muuzaji hushuka stoo kusikiliza. Siwema akashuka, na mke akatumwa amfuate.

Nyundo ilipoangukia sampuli ya sponji, waliisikia. Ulipofika mpira mnene, hawakusikia kitu.

"Mdogo wangu," mke akanong'ona, "huu mwambie umesikia."

"Lakini sijasikia, dada."

"Najua. Yule jirani akisikia, hupanda akabisha hodi. Akibisha, mume wangu huacha kunipiga."

"Vipi huko, mmesikia?" mume akaita.

Siwema, ambaye hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona, akafungua kinywa. Neno halikutoka.

"Kimya," mume akacheka. "Basi, nachukua huohuo, pesa naiacha mezani."

Mke akapanda ngazi polepole, hakugeuka. Baadaye mlango wa duka ukafungwa, taratibu kama mwanzo.

Siwema alikuwa bado amesimama stoo, ameinua uso darini.

"Nimesikia," akasema.