Sindano ya Bi Zuwena

Kila nyumba ilikuwa na mashine yake ya kupima damu, na kila Jumatatu watu walipimwa kabla ya chai. Tone moja liligawanywa vitone elfu ishirini. Vitatu vikiwaka, dalili ya ugonjwa, gari la wodi lilikuja kumchukua mwenye damu asubuhi ileile, na waliorudi walikuwa wachache.

"Ni vitatu, Zuwena," alisema Mzee Shekue, akifunga kamba za viatu taratibu. "Ile supu ya jana usiimwage, wape jirani."

Mkewe alikuwa akiitazama sindano kwenye kisahani. Miaka arobaini alionja mchuzi kabla ya kumpakulia mumewe, na sindano nayo aliijaribu kwanza kidoleni mwake, isije ikamuumiza.

"Mzee wangu, damu yangu imo katika tone lako."

"Acha utani, mama."

"Niliionja sindano."

Kamba zikamponyoka mzee. Nje, gari lilisimama. Bi Zuwena alinawa kwa sabuni, akachukua sindano mpya, akaweka tone lake peke yake. Vitone vikiwaka, basi vile vitatu vilikuwa vyake, na mumewe angebaki.

Mlango uligongwa. Kitone cha kwanza kikawaka, naye akashusha pumzi.