Kiti cha Hajji

"Mama, kiti ya Hajji ni gani?" fundi aliuliza, ameikumbatia sabufa mpya kifuani. "Naweka hii hapo kwanza, pahali ye anakaa kusikiliza, halafu natambaa chini na simu, napima sauti. Pahali besi iko safi, hapo ndiyo itakaa."

Hajara alirudi tena dirishani. Hajji, mumewe, alisema angetoka Koboko asubuhi. Ijumaa iliyopita pia alisema hivyo, lakini mke mdogo wa huko hakosi sababu ya kumzuia.

Kiti kikubwa cha Hajji kilielekea runinga, bado kimevaa nailoni ya dukani, bila hata mkunjo. Kiti cha Hajara mwenyewe kilikuwa kando ya mlango, kitambaa kimechakaa.

"Mama, mikono inaniuma."

Hajara alikwenda mlangoni, akarudi, akaokota shali yake kutoka kwenye kile kiti kilichochakaa.

"Weka hapa."

Fundi aliweka, akawasha, akaanza kutambaa na simu yake. Besi ilipanda kutoka sakafuni hadi magotini mwa Hajara. Kule mbele, nailoni ikaanza kulia kama nyuki.

"Hiyo iko inaharibu sauti," fundi alisema. "Tutoe nailoni?"

"Toa na kiti yake."