Shahidi wa Siwema

Wasifu wa kazi wa Siwema ulikuwa na pengo la miezi saba, na sheria haikukubali pengo. Bila shahidi wa miezi hiyo, yeye, fundi mitambo mwenye miaka tisa kazini, angerudishwa kufagia karakana.

"Miezi hiyo ulimtumikia nani?" akauliza karani wa ajira.

"Huyu hapa," Siwema akajibu, akampakata vizuri binti yake, Zawena.

"Basi ndiye shahidi wako. Wewe unatoka, mashine inasikiliza. Akikulilia dakika kumi, naandika ulifanya kazi. Zikipungua, Mama Zawena, ulikuwa umekaa bure."

Siwema akacheka. "Kumi tu? Huyu nikienda kuoga, mtaa mzima unajua."

Akamlaza kwenye kitanda cha ofisi, akatoka, akasimama nyuma ya kioo. Zawena hakumwangusha. Alilia akinyoosha mikono mlangoni mpaka sauti ikakauka. Dakika ya nane akanyamaza, akaanza kunyonya kidole.

Karani akatazama saa. Siwema akagonga kioo kwa nguvu. Mtoto akageuka, akamwona mama yake amesimama pale haji, akaangua kilio upya.

Jumatatu Siwema alirudi kazini kwa cheo chake kilekile. Alipomuaga Zawena mlangoni alijiandaa kwa kelele. Mtoto alimtazama kidogo, akarudia kijiko chake.

Kilio cha ofisini kilikuwa dakika kumi na moja kwa jumla, na tatu za mwisho Siwema alizitafuta mwenyewe.